Nyuma ya Kabati

Mkaguzi wa nyumba alipopapasa ukuta, nilisikia harufu ya javeli, ile dawa kali ya kusafishia, nikaelewa. Godeliva, mke wa mwanangu, alikuwa ameusugua mpaka ukang'aa.

"Mama, mgeni aingie akute uchafu?" akaninong'oneza.

Mkaguzi akafunga begi lake. "Sioni ukungu wowote hapa."

Baridi iliyopita, katika ghorofa hili hili la Scarborough, huku ugenini, kifua kilimchukua mjukuu wangu wa kwanza. Alikuwa analala chumba hiki, akivuta hewa ya ukungu huo. Wa pili nilikuwa nimembeba mgongoni, anakohoa. Nimechoka kuimba nyimbo za mazishi.

Nikamwambia Mungu, aibu hii naibeba mimi. Nikashika kabati, nikalivuta.

"Mama, acha! Huko nyuma sikusugua!"

"Najua, mwanangu. Shika upande ule."