Tunguu la Mwisho

Aaltje alilipindua kiganjani tunguu la hiasinti, kubwa kama kitunguu cha kupikia. Ndilo pekee lililobaki la ua la buluu nzito alilozalisha marehemu baba yake. Mengine yote yalikuwa yameozea ghalani.

"Mke wangu, lipande tu hivyo hivyo," mumewe alimsihi. "Mwakani utapata ua lako."

"Ua moja. Halafu?"

"Na ukilikata likaoza?"

"Nitalia. Hebu sogea, unaniziba mwanga."

Huko kwao Hillegom hiasinti huzidishwa kwa kujeruhiwa: tunguu hukombwa kitako, na watoto huchipuka kwenye jeraha. Mumewe alijua hayo tangu utotoni, ila hakuwahi kuthubutu na tunguu la mwisho.

Aaltje alikizungusha kijiko chenye makali, polepole, bila kusita hata kidogo. Mumewe akashindwa kutazama kwingine. Mkono uliotulia namna ile hakuwahi kuuona, hata kwa wazee waliomfundisha kazi.

Kitako kikachomoka kizima. Ndani palikuwa peupe pe, hapana hata doa.

Alilaza tunguu juu ya mchanga mkavu, akaweka kijiko chini. Hapo ndipo mikono yote miwili ilipoanza kumtetemeka, na mumewe akaikamata.