Mkunjo wa Pembetatu

Swali la mwisho la mtihani lilitaka kosini ya nyuzi sitini, na kikokotoo hakiruhusiwi. Fundi cherehani akatoa macho. Hisabati ilishamwangusha mara mbili. Mguu wake ukaanza kukanyaga sakafu kana kwamba cherehani iko chini ya dawati.

Kwenye karatasi ya kufanyia hesabu akachora pembetatu ya pande sawa, kila upande mbili. Akaichana kwa kucha, akaikunja katikati kama anavyokunja kitambaa cha kola.

“Mama, unafanya nini?” msimamizi akanong'ona.

“Nakunja, mwanangu.”

Pembe ya sitini ilikuwa palepale. Upande mrefu ulibaki mbili, wa chini ukawa moja. Kosini ni wa chini kwa mrefu: moja kwa mbili!

Akaandika nusu, akashusha pumzi mpaka binti wa dawati la mbele akageuka. Chini ya dawati, mguu ukatulia.