Kamera Inayoona Gizani

Jirani yao anasema kaka yake Shamila aliteleza juu ya mti wa mninga kule Kigwa wakirina asali wawili hao, mzinga ukamwangukia kifuani, akafa palepale. Msiba mzima alisimulia hivyo, na watu wakamwamini, maana yeye ndiye aliyeuleta mwili, tayari umefungwa sandani.

Leo Shamila alikuwa dukani kwa jirani huyohuyo, akichagua kamera iliyotumika ya kupigia harusi kwenye kumbi zenye mwanga hafifu. Ya kwanza ilitoa chengachenga tupu.

"Jaribu hii kuukuu, mdogo wangu. Inaona gizani kama paka, na bei yake utaiweza."

Jirani akafunga mlango ili waijaribu gizani. Shamila akapiga picha ya ukuta, ikatoka safi. Akafungua na sehemu ya video. Picha za zamani zilishafutwa, lakini video moja ilisahauliwa.

Jioni, porini, moshi. Kamera ilitegeshwa kisikini kurekodi urinaji. Kaka yake amepiga magoti, mikono kichwani, na mzinga bado uko juu mtini.

"Chukua mizinga yote, jirani, niache!"

Shoka likashuka. Vidole viwili vikaruka kwenye majani makavu, vinang'aa kwa asali. Likashuka tena. Uso wa mwenye shoka ulionekana vizuri, hata jasho.

Jirani aliitambua sauti ile ya marehemu. Akaegemea mlango.

Shamila akauzungusha mkanda wa kamera kwenye ngumi, mara moja, mara mbili. Ilikuwa nzito, chuma kitupu.

"Mdogo wangu," jirani akasema kwa upole, "nirudishie hiyo kamera."