Filimbi ya Tunu

Kila nyumba ilipaswa kupiga simu kituo cha maji kabla ya magharibi, kwa modemu na waya. Nyumba iliyosikika ilifunguliwa maji; iliyonyamaza ilifungiwa bomba wiki nzima.

Jioni hiyo modemu ya Mashavu ilipiga namba, ikalia kidogo, ikakata. Akachomoa waya, akafuta ncha yake kwa upindo wa kanga, akateremsha kasi ya modemu. Ikakata tena.

"Jua hilo linazama, mkamwana," mama mkwe wake alisema, ndoo chini ya bomba ikidondokewa matone. "Au tutakunywa hiyo miluzi yako?"

Mashavu akapiga tena, akainua mkono wa simu asikilize. Kituo kilikuwa kikipiga filimbi, kikingoja modemu ijibu. Ndipo Tunu, bintiye wa miaka miwili ambaye hajawahi kutamka neno, alipoukimbilia mkono ule, akapiga miluzi na kukwaruza koo vilevile kama modemu.

Maji yakafoka ndooni.

"Mashallah! Mjukuu wangu katuokoa!"

Mashavu hakucheka. "Tunu," alinong'ona, "sema mama."

Tunu hakugeuka. Alipiga mluzi mwingine, mrefu, ambao modemu haijawahi kuupiga. Simu ikamjibu kwa mluzi, na mtoto akaangua kicheko.