Fisi Mwenye Kofia

Siku hiyo mjinga alikuwa Jamaldini, mkalimani wa boma la Arusha, na ujinga wenyewe aliufuata kwa miguu yake.

Asubuhi kipande cha kitambaa cha merikani kilikutwa kimebandikwa mlangoni mwa boma. Kilikuwa kimechapwa picha kwa masizi: fisi amevaa kofia ya afisa, mguu mmoja juu ya ng'ombe aliyekonda. Kofia ilikuwa ya Bwana Mkubwa, Mjerumani mkuu wa boma. Ng'ombe kila mtu alimjua. Ng'ombe wa watu wa pale walichukuliwa wote na Wajerumani baada ya vita.

Bwana alisema maneno machache. Jamaldini akawatafsiria watu waliokuwa wakibeba mawe ya ujenzi: "Mchoraji asipopatikana kabla ya jua kuzama, atanyongwa Lemburis."

Lemburis alikuwa mmoja wa wabeba mawe, na kosa lake lilikuwa kupita karibu na mlango. Mkewe, Naipanoi, hakulia. Aliweka jiwe lake chini, basi.

"Niachie mimi, Bwana," alisema Jamaldini kwa Kijerumani chake. "Kila mtu achonge fisi wake, amchape. Mkono wa mchoraji haujifichi."

Bwana akarudi ndani. Vikaletwa viazi vitamu, visu, masizi na vipande vya merikani.

"Tuvipike?" aliuliza mzee Loishiye.

"Mvichonge! Kwetu pwani kanga tunazichapa hivi." Jamaldini akashika kisu na, akiangalia kile kitambaa cha mlangoni, akawachongea mfano, kofia na yote. Akauchapa. "Haya. Kama hivyo."

Wakachonga, wakachapa. Akapita akikagua.

"Mzee, huyu ni mbuzi."

"Ni fisi, mwanangu. Tangu ng'ombe wahamie bomani, fisi wetu wanakula majani."

Hakuna aliyecheka. Naipanoi alikuwa amechonga kitu kama mtungi.

Jua likielekea kuzama, vitambaa vyote vikatandazwa chini. Bwana akatoka. Alikuwa mgeni nchini. Kiswahili chake kilikuwa majina ya watumishi wake na neno "nani". Akapita polepole, kitambaa cha mlangoni mkononi. Mbuzi. Mtungi. Mbwa.

Akasimama. Masikio yaleyale. Mgongo uleule. Kofia ileile.

Askari akaikaza kamba ya kunyongea.

"Nani?" aliuliza Bwana.

Jamaldini akainama kutazama. Akafungua mdomo, Kijerumani chote kikamkimbia.

Naipanoi akamsaidia.

"Jamaldini, Bwana. Jina hilo halihitaji mkalimani."