Nusu ya Sauti

Siku hizi marehemu huachwa nyumbani kama sauti, izungumze na waliobaki. Sharti ni moja tu: kila ukiifungua, itazungumza nusu ya muda wa mara iliyopita.

Mwalimu Tumsifu aliutumia mfano huo kuwafundisha kidato cha tatu hisabati. Alichora ubaoni mstari ulioporomoka upesi, kisha ukalala karibu kabisa na sifuri bila kuigusa.

"Kwa hiyo sauti haiishi kamwe, mwalimu?" aliuliza Anganile, ambaye alikuwa amemzika baba yake mwezi uliopita.

"Haiishi."

"Basi afadhali."

Mwalimu alifuta ubao kabla ya kengele.

Nyumbani alipika ndizi, akala akiwa amesimama, kisha akakaa mbele ya kisanduku chenye sauti ya mumewe, Elibariki. Mwanzoni waliongea mpaka chakula kikapoa. Lakini Elibariki alikuwa mtu wa salamu. Hakuanza habari yoyote kabla ya kuuliza umeshindaje, mama hajambo, kuku wametaga. Muda ulivyozidi kupungua, habari zilikwisha zikabaki salamu, na juzi sauti ilikatika kabla hajamaliza kuuliza ameshindaje.

Siku ile mwalimu aliapa kwamba hatakifungua tena.

Alikifungua.

Ilisikika pumzi ikivutwa, kama ya mtu anayetaka kusalimia. Basi, ikawa kimya.

"Nimeshinda salama, baba Ndekirwa," alimjibu mumewe. Akangoja kidogo, kama ilivyo adabu. "Mama hajambo. Kuku wametaga. Na wanafunzi leo wameelewa somo, isipokuwa mmoja."