Mlango wa Tunu

Siku hizi nyumba hutii tu majina inayoyapendekeza yenyewe. Tunu aliitungia yake amri ya kufungua mlango, akaifundisha kwamba ukiandika herufi moja na kubonyeza kitufe, ikamilishe jina la mtu wa familia. Leo, akiwa ndani, aliandika M kwenye skrini ya mlangoni. Jina la mama yake, Mwanaheri, halikutokea.

“We Tunu, unanianika juani kama dagaa?” mama aliita kutoka nje.

“Nani kamfuta? Amri nimeitunga mimi!” Tunu alifoka. Akaliandika jina zima. Likakataliwa.

“Basi nami naenda kuanikwa!”

Akaandika T, jina lake likatokea. Mlango ukamtoa, ukajifunga.

Ndani, mumewe Shomvi aliandika T ili amrudishe. Nyumba haikupendekeza jina lolote.